Tairi limeisha katikati tu

SWALI: Pikipiki yangu ni ya safari ndefu. Tairi la nyuma limeisha katikati, pembeni bado zima, na nikiilaza kwenye kona inaanguka ghafla. Ninunue gumu lidumu, au laini lishike?

JIBU: Ndugu yangu, tafuta lenye raba mbili: katikati ngumu kwa barabara iliyonyooka, pembeni laini kwa kona. Na badili yote mawili. Mimi niliwahi kubadili la nyuma peke yake; kila kona nilipigana na usukani mpaka nilipobadili na la mbele. Fuata namba za ubavuni, mfano 180/55 ZR17 73W, wala usishushe herufi ya kasi (hapo ni W, inayoonyesha kasi ya juu ambayo tairi linaihimili). Kagua umri pia kwenye tarakimu nne za ubavuni: 2324 ni kutengenezwa wiki ya 23, mwaka 2024. Kilomita 150 za mwanzo nenda taratibu, tafadhali. Tairi jipya huteleza.