Majaribio yaliyofanyika baada ya kuwasilisha maombi: je, yanaweza kuthibitisha hatua ya uvumbuzi Ulaya?

Swali: Wakili, shikamoo. Mimi ni mkemia, na maombi yetu ya hataza yaliyopitia mfumo wa kimataifa sasa yamefika Ofisi ya Hataza ya Ulaya. Tunadai mchanganyiko wa viuatilifu viwili ambavyo, vikiwa pamoja, huua wadudu zaidi ya jumla ya nguvu ya kila kimoja. Maombi yana jedwali moja tu, la viwavijeshi, na mkaguzi anasema nguvu hiyo ya pamoja haijathibitishwa, hivyo hakuna hatua ya uvumbuzi, yaani kwa mtaalamu wa fani jambo hili ni la wazi tu. Baada ya kuwasilisha tulifanya majaribio kwa funza wa mabua ya mahindi, na matokeo ni mazuri sana. Tunaruhusiwa kuyatumia?

Jibu: Marahaba, Ndugu Mkemia. Kuyawasilisha mnaruhusiwa. Kama yatawafaa ni jambo jingine, na jibu lake mtalipata ndani ya maombi mliyoyawasilisha siku ya kwanza, si ndani ya majaribio mapya.

Suala lenu linafanana mno na lile lililozaa uamuzi G 2/21, uliotolewa na Baraza Kuu la Rufaa la ofisi hiyo tarehe 23 Machi 2023. Hataza ya kampuni ya Sumitomo Chemical, iliyopingwa na Syngenta, ilihusu mchanganyiko wa thiamethoxam na kiuatilifu kingine. Maombi yake yalikuwa na data za viwavi wa nondo wawili, Spodoptera litura na Plutella xylostella, lakini ushahidi ambao hatima ya hataza iliutegemea ulihusu Chilo suppressalis, mtoboa shina la mpunga, nao uliletwa baada ya tarehe ya maombi. (Huyo ni wa jenasi moja na Chilo partellus, mmoja wa hao funza wenu wa mabua.)

Baraza Kuu lilisema mambo mawili. La kwanza ni kwamba ushahidi wa kuthibitisha athari ya kiufundi hauwezi kupuuzwa kwa sababu hiyo pekee, kwamba haukuwa hadharani kabla ya tarehe ya kuwasilisha na uliletwa baadaye. Hili ndilo linaloshangiliwa, ingawa kwa maoni yangu ni tokeo la kawaida la kanuni kwamba anayeamua huupima ushahidi kwa uhuru. La pili ndilo linaloamua kesi: mwombaji anaweza kuitegemea athari fulani ikiwa mtaalamu wa fani, akiwa na ujuzi wa kawaida wa fani yake na akiyasoma maombi kama yalivyowasilishwa mwanzoni, angeiona athari hiyo kuwa imo ndani ya mafundisho ya kiufundi ya maombi na imebebwa na uvumbuzi uleule uliofichuliwa tangu mwanzo. Kuhusu “uwezekano wa kuaminika”, yaani kama athari inayodaiwa ingeaminika kwa kuyasoma maombi ya awali, neno ambalo mawakili na mabaraza walikuwa wamebishana juu yake kwa miaka mingi, Baraza Kuu lilisema si dhana ya kisheria inayojitegemea wala si sharti la pekee la Mkataba wa Hataza wa Ulaya.

Kesi iliporudi kwenye baraza lililoipeleka, katika uamuzi T 116/18 wa Julai 2023, hataza ilisalimika. Baraza hilo lilieleza kwamba si lazima maombi ya awali yawe na jaribio linaloithibitisha athari, wala maneno yanayoitaja waziwazi. Inatosha kwamba athari hiyo imo kidhana katika mafundisho mapana ya maombi, na kwamba mtaalamu hakuwa na sababu halali ya kutilia shaka kuwa ingepatikana.

Kwa hiyo fungueni maelezo yenu mkayasome upya. Ikiwa yanasema mchanganyiko una nguvu ya pamoja dhidi ya wadudu waharibifu kwa jumla, na funza wa mabua wametajwa hata katika orodha tu, mna msingi mzuri. Ikiwa yanazungumzia viwavijeshi peke yao, kazi itakuwa ngumu zaidi. Na ikiwa nguvu ya pamoja haikuguswa popote bali mliigundua shambani baadaye, nisingewashauri mjenge hoja yote juu yake.

Halafu kuna ubora wa majaribio yenyewe, na hapa ndipo nimeona data nzuri zikipotea bure. Linganisheni mchanganyiko wenu na ule uliojulikana hadharani kabla ya maombi yenu na ulio karibu nao kuliko yote, si na shamba lisilonyunyiziwa kitu; pimeni kila kiambato peke yake kwa kipimo kilekile, kisha hesabuni matokeo yanayotarajiwa, kwa mfano kwa fomula ya Colby, inayokadiria athari ya viambato viwili kama kila kimoja kingefanya kazi yake bila kuongezewa nguvu na kingine. Pia angalieni upana wa madai. Mkidai uwiano wowote kati ya 1:100 na 100:1 huku mmejaribu 1:1 pekee, mkaguzi ana haki ya kuuliza kama athari inapatikana katika eneo lote, na huenda mkalazimika kuyapunguza madai.

Data hizo zitapelekwa pamoja na barua ya majibu kama ushahidi. Msizichomeke ndani ya maelezo ya maombi, kwa kuwa Ibara ya 123(2) ya Mkataba huo wa Ulaya inakataza kuongeza kisichokuwamo mwanzoni. Zipelekeni sasa, mbele ya mkaguzi. Ushahidi unaoletwa kwa mara ya kwanza katika rufaa unaweza kukataliwa kwa kuchelewa, hata ukiwa na nguvu kiasi gani.

Mngekuwa mnadai matumizi ya dawa kwa tiba, ningejibu kwa ukali zaidi, kwa sababu huko athari ya tiba ni sehemu ya dai lenyewe na hupimwa chini ya Ibara ya 83 kuhusu utoshelevu wa maelezo. Ushahidi wa baadaye hapo huweza kuunga mkono kilichokwisha kuonyeshwa, lakini hauzibi pengo. Na mkishapata hataza, kumbukeni kwamba mahakama za nchi zina njia zao: Mahakama ya Rufani ya Uingereza, katika kesi ya Mei 2023 kuhusu apixaban, dawa ya kuzuia damu kuganda, iliendelea na kipimo chake cha uwezekano wa kuaminika hata baada ya G 2/21.

Muda wa kujibu hati ya mkaguzi kwa kawaida ni miezi minne, na unaweza kuombewa nyongeza hadi ifike sita, kwa hiyo jaribio moja la ulinganisho la maabara bado linawezekana. Kwa uvumbuzi wenu unaofuata, tumieni miezi 12 ya haki ya kipaumbele, yaani muda ambao maombi ya baadaye bado huweza kutegemea tarehe ya maombi ya kwanza, kufanya majaribio ya wadudu wengine, ili jedwali hilo liingie katika maombi ya kimataifa siku yanapowasilishwa.