Maswali ya wasomaji: Kijapani mwaka wa pili, "amenipa" na "nimempa" zinanichanganya

Wapendwa wasomaji, safari hii barua karibu zote ni za wanafunzi wa Kijapani vyuoni, na si wale wanaoanza kabisa. Ni wale walomaliza kitabu cha kwanza, herufi zao za hiragana na katakana wanasoma bila kusita, wanajua kujitambulisha na kuulizia njia, halafu muhula mpya ukaanza na ghafla kila kitu kikawa kigumu. Mimi nilikwama hapo hapo, na ilinichukua muda mrefu kugundua kwamba nusu ya ugumu ule haukuwa wa Kijapani. Twende kwenye barua.

Dada shikamoo. Nasoma kozi ya Kijapani chuo hapa Nairobi, mwaka wa pili. Mpaka te-form (lile umbo la kitenzi linaloishia -te au -de) nilikuwa sawa tu ila tumefika ageru, kureru na morau nimepotea kabisa. Kwenye testi niliandika Sensei ga watashi ni hon o agemashita, nikapigwa mkasi. Si ageru ni kutoa? Na kama kureru pia ni kutoa, kwa nini yawe mawili? Nimekariri jedwali mpaka nimechoka.

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikuulize, hayo maelezo uliyasoma kwa lugha gani? Kwa Kiingereza, si ndio? Kiingereza kina neno moja tu la kutoa, kitu kitoke kwangu au kije kwangu neno ni lile lile, kwa hiyo kitabu inabidi kikuchoree mishale na vikatuni kukueleza jambo ambalo wewe ulilijua kabla hujaanza darasa la kwanza. Weka jedwali pembeni. Sema kwa sauti "mwalimu amenipa kitabu". Isikilize hiyo -ni- ya katikati, kitu kinakuja kwangu. Hiyo ndo kureru. Sasa sema "nimempa rafiki kitabu", kitu kinatoka kwangu, hiyo ni ageru. Na "nimepewa kitabu na rafiki" ni morau. Basi. Sisi tunaonyesha njia ya kitu kwa kubadilisha kiambishi katikati ya kitenzi, wao wanabadilisha kitenzi chenyewe, lakini swali mnalojiuliza kichwani ni moja: kinakuja au kinakwenda?

Kwa hiyo sentensi yako ya testi ilikuwa inasema kitu kinakwenda wakati wewe unamaanisha kinakuja. Ilitakiwa Sensei ga hon o kuremashita, na huna haja hata ya kuandika watashi ni, kama vile kwenye "amenipa" huhitaji kuongeza "mimi", imo ndani tayari. (Baadaye mtafika kwenye lugha ya heshima, na kwa mwalimu mtasema kudasaimashita.)

Angalia pia kile kineno kidogo cha Kijapani "ni", manake kinaua watu wengi. Tomodachi ni agemashita, nimempa rafiki. Tomodachi ni moraimashita, nimepewa na rafiki. Kineno kile kile, njia kinyume. Ukisoma neno kwa neno kutoka mwanzo utapotea, subiri kitenzi cha mwisho ndo uamue.

Sehemu moja Kiswahili hakitakusaidia. "Mwalimu amempa mdogo wangu peremende", kwetu ni -m-, mtu wa tatu, ungedhani ni ageru. Hapana, Wajapani wanasema kureru hata hapo, kwa sababu mdogo wako ni wa upande wako, aliyepewa yeye ni kama umepewa wewe. Familia iko ndani ya ile -ni-.

Ukishashika hapo, somo linalofuata unalipata karibu bure. "Amenisomea barua" ni tegami o yonde kuremashita, "nimesomewa" ni yonde moraimashita, "nimemsomea" ni yonde agemashita. Umeona? Ile -e- ya kusomea, ya kumfanyia mtu jambo, wao wanaipata kwa kuunga te-form na vitenzi vile vile vitatu. Darasani kwetu wenzangu waliofikiri kwa Kiingereza walitumia wiki kadhaa hapo, nami niliteseka nao kwa sababu hakuna aliyeniambia nitumie lugha yangu.

Ila nikuonye kwa kitu kilichonipata mwenyewe. Mwaka wangu wa kwanza kule Japani, mwezi wa sita, msimu wao wa mvua ndefu, profesa mmoja mzee alikuwa anashuka ngazi, mwavuli mkono mmoja, mkoba mzito mkono mwingine. Nikamwendea nikamwambia kwa heshima zangu zote Sensei, kaban o motte agemasu. Kichwani mwangu nasema "mwalimu, nikubebee mkoba", maneno ambayo kwetu Tanga ukimwambia mtu mzima anakuombea dua. Akanyamaza kidogo, akasema daijoubu desu, haina shida, akashuka na mkoba wake, na mimi nimebaki pale kwenye ngazi sijui nimekosa nini. Jioni rafiki yangu ndo akanieleza kwamba -te agemasu mbele ya mkubwa inasikika kama unamhesabia hisani, kama unasema nakufanyia fadhila hii. Ilitakiwa omochi shimasu, "nibebe". Kwa hiyo -te ageru itumie unaposimulia ulivyomsaidia mwenzako au mdogo wako, lakini usimwambie mwalimu wako usoni.

Dada habari. Niko Japani, nasoma ile miezi sita ya lugha chuoni kabla sijaanza masomo yangu yenyewe. Kusoma naongoza darasani ila kusikiliza sifuri na nikiongea watu wanaelewa vingine. Juzi mwenye nyumba kaniuliza natoka wapi, nikamjibu nimetoka byouin, akafurahi akasifia nywele zangu. Nilikuwa naumwa tumbo!

Pole sana, natumaini tumbo limetulia. Alichosikia yule mama ni biyouin, saluni, na wewe ulitaka byouin, hospitali. Tofauti yake ni pigo moja tu la mkono, na nitakueleza linatoka wapi.

Wanatusifia sana kwamba Kijapani kwetu ni rahisi kutamka, na kweli, a i u e o zao ni zetu, na silabi nyingi zinaishia kwenye irabu kama za kwetu. Lakini Kiswahili kina tabia ambayo hatuisikii wenyewe: mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho, na tukiiwekea mkazo tunaivuta kidogo. Kwa Kiswahili haidhuru. Kwa Kijapani kuvuta ni kubadilisha neno. Obasan ni shangazi, obaasan ni bibi, sasa mtoto wa Kiswahili akisema obasan kwa mazoea anaikaza ile ba, anaivuta, tayari shangazi kazeeka. Kite ni njoo, kitte ni stempu, kiite ni sikiliza. Ukiyasema yote kwa mdundo wa kwetu Mjapani anasikia uji.

Dawa yake ni mikono. Usihesabu silabi, hesabu mapigo, piga kofi kila pigo na yote yalingane urefu. O-ba-sa-n, makofi manne. O-ba-a-sa-n, matano. Ki-te mawili, ki-t-te matatu, na hiyo t ya kwanza ni kofi la kimya, sauti imezuiwa lakini mkono unapiga. Byo-u-i-n manne, bi-yo-u-i-n matano. Fanya dakika kumi kila asubuhi, chukua sentensi za somo la wiki hiyo tu, mlango umefungwa kama unaona aibu.

Na usifikiri jambo hili geni kabisa kwetu. Kufa na kufaa hutozichanganya hata usingizini. Ile n yao inayosimama peke yake nayo unayo tayari, ni kama m ya "mtu", hatusemi "mutu" wala hatuimezi, tunaipa pigo lake, m-tu. Wazungu inawatesa sana hiyo. Kinen, kumbukumbu, ni ki-ne-n. Kin'en, marufuku kuvuta sigara, ni ki-n-e-n. Kile kibao utakiona kwenye migahawa mingi, kisome kwa makofi.

Jambo dogo lingine kwa kuwa uko huko huko: kwenye kusikiliza saa usitafsiri kwa Kiswahili. Shichi-ji ni saba kwa maneno lakini ni saa moja yetu, ukipitia Kiswahili utafika darasani walinzi wanafunga geti.

Kaka/dada, sijui hata nani anajibu safu hii. Mimi ni wa Dar, tuko kwenye vitenzi pacha, akeru na aku, kesu na kieru, orodha ndefu haina kanuni, wiki ijayo kuna testi na sitaki kusapu. Nikariri vipi?

Ni dada anayejibu. Usikariri orodha, panga pembeni yake orodha yako ya Kiswahili. Akeru fungua, aku funguka. Kesu zima, kieru zimika. Otosu angusha, ochiru anguka. Dasu toa, deru toka. Ireru ingiza, hairu ingia. Tsukeru washa, tsuku waka. Kowasu haribu, kowareru haribika. Nilipoandika safu hizo mbili kwenye daftari mara ya kwanza niliacha kalamu chini nikaziangalia tu. Lugha mbili zisizo na undugu wowote zimeona umuhimu wa kutenganisha aliyeangusha na kilichoanguka, na zote zimefanya kwa jozi za vitenzi vinavyofanana nusu na kutofautiana nusu. Mtoto wa Kiswahili hasemi "kikombe kimeangusha". Basi na wewe hutosema koppu ga otoshimashita.

Chembe, yaani vile vineno vidogo vya o na ga, ni hivi: akeru inabeba o, aku inabeba ga. Doa o akemashita, nimefungua mlango. Doa ga akimashita, mlango umefunguka. Na ukiona -te imasu kwenye kitenzi cha upande wa -ka ujue ni hali iliyopo: doa ga aite imasu, mlango uko wazi. Akete arimasu ni wazi vile vile ila kuna mtu kaufungua kwa sababu, labda hewa ipite.

Tunapotofautiana na Wajapani hapa ni kwenye adabu. Kwetu ukivunja glasi ya watu unasema "samahani, glasi imevunjika", na hakuna atakayekuona mwongo. Kule ukisema waremashita wakati wao wamekuona wewe umeishika, unaonekana unakwepa. Sema sumimasen, watte shimaimashita, nimeivunja. Lakini ukiwapikia wageni chai unasema ocha ga hairimashita, chai imeingia, kana kwamba hakuna aliyeitengeneza. Kosa unalibeba, wema unauficha kwenye kitenzi. Mimi naipenda sana hiyo.

Naomba msaada wa kanji, zile herufi zao zenye asili ya Kichina. Kila nikijifunza mpya ya zamani inatoka. Kuna tatu zinafanana nazichanganya kila siku.

Hujazitaja lakini nakisia ni 時, 待 na 持, manake zinakuja karibu pamoja na zinaumiza kila mtu. Upande wa kulia zote ni 寺, hekalu. Usiangalie huko. Angalia kushoto, kushoto ni kama ngeli, kunakuambia neno liko kundi gani. 時 ina jua, ni wakati. 持 ina mkono, ni kushika. 待 ina alama ya njia na mwendo, ni kusubiri, mfikirie mtu kasimama njiani anamngoja mwenzie. Ukikutana na yenye maneno kushoto, 詩, ni shairi, na yenye mtu, 侍, ni samurai. Na lile hekalu si pambo, linakupa sauti: 時 na 持 na 侍 zote zinaweza kusomwa ji, kama 寺 yenyewe, na 詩 ni shi.

Andika kwa mkono. Najua simu inakuandikia, lakini kidole kinachochagua hakikumbuki, kinachokumbuka ni mkono uliochora. Tano kwa siku, na za juzi kabla ya za leo. Kanji za matumizi ya kawaida serikali yao imeorodhesha 2,136, wewe kwa hatua yako mia tatu zinatosha kabisa, usijitishe na hiyo namba kubwa.

Nimalizie N5 kwanza au niruke N4 moja kwa moja?

Hizo ni ngazi mbili za chini za mtihani wa Kijapani wa JLPT, N5 ndiyo ya chini kabisa. Kama uko nusu ya kitabu cha pili, ruka. N4 ni alama 180, kufaulu 90, ila kuna mtego: sarufi, msamiati na kusoma kwa pamoja lazima upate angalau 38 kati ya 120, na kusikiliza angalau 19 kati ya 60, ukiwa chini ya hapo umefeli hata kama jumla imevuka. Hakuna kuongea wala kuandika insha, kwa hiyo wanaofeli kati yetu mara nyingi wanafelia masikioni, rudi kwenye makofi hapo juu. Wa Kenya mtihani ni Desemba, Nairobi, na kujiandikisha ni miezi kabla, muulize mwalimu wako mapema usingoje tangazo. Beba penseli za HB na ufutio, peni hazifai. Majibu ya Desemba hutoka Januari kuelekea mwisho, ukiyapata niandikie, hata kama si mazuri niandikie.