Baba mkubwa alirudi kutoka Lukaya, akatengeneza machela

Wakuu, salaam. Mleta mada ameuliza swali ambalo nimekaa nalo siku nyingi: wale mgambo waliochukuliwa vijijini mwaka 1978 kwenda kupigana na Nduli Idi Amin, wakarudi bila cheo wala jina gazetini, waliishije baada ya hapo? Wengi mmejibu kuhusu mafao, wengine kuhusu wazee waliorudi wakamezwa na pombe. Sina ubishi na hayo. Mimi nitamweleza mmoja tu, baba mkubwa wangu, kwa kuwa nililelewa nyumbani kwake tangu 1992, na tangu tumzike mwaka 2019 sijawahi kuandika lolote juu yake. Itakuwa ndefu, mnivumilie.

Kwetu ni Upareni, wilaya ya Same, ubavuni mwa Shengena, upande unaotazama Makanya. Ukipita na basi la Arusha unauona mlima ule wa mita 2,462 umekaa na ukungu wake, basi linakwenda zake. Sisi wa kule tunaujua kwa miguu. Miaka hiyo, kutoka kijijini hadi barabara ya lami ilikuwa saa nne za kushuka kwa mtu mzima asiyebeba kitu.

Majeshi ya Amin yalivuka mpaka mwishoni mwa Oktoba 1978 na kutangaza kwamba ardhi yote iliyo kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Tarehe 2 Novemba Mwalimu Nyerere akazungumza redioni. Baba mkubwa alikuwa na umri wa miaka 28, watoto wawili, na shamba la maharage ya vuli. Hotuba aliisikilizia kwenye redio ya duka la ushirika, watu wamejaa hadi nje. Maneno ya sababu tunayo, nia tunayo na uwezo tunao hakuna asiyeyajua. Yeye alikuwa akisimulia kilichofuata: ilipokwisha hakuna aliyesema kitu, kila mmoja akarudi shambani kumalizia mstari wake. Wiki mbili baadaye majina yakaitwa. Waliokwisha pata mafunzo ya mgambo pale kijijini walipandishwa lori lililozoea kubeba mkonge, wakaenda hadi Mwanza, wakavuka ziwa kwa meli hadi Bukoba. Jeshi ambalo halikufika watu elfu 40 lilipita laki moja ndani ya muda mfupi, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo ni watu kama yeye, wakulima waliofundishwa kulenga shabaha siku za Jumamosi.

Tulipokuwa watoto alitusimulia mengi. Matope ya Kagera wakati wa mvua. Daraja la Kyaka lililolipuliwa na adui, na lile la muda ambalo wanajeshi wetu walilitandika ili kuvuka. Makombora ambayo Waganda waliyaita Saba Saba, na namna ardhi inavyotikisika miguuni kabla masikio hayajapata mlio. Mwendo wa miguu kutoka Mutukula mpakani kwenda Masaka, ndani ya Uganda, mzigo mgongoni, migomba kulia na kushoto. Na hapo Masaka ndipo hadithi ilipokuwa inakoma. Kila mara. Tukiuliza, "Halafu?" anajibu, "Halafu tukarudi nyumbani, mwanangu." Anainuka, anakwenda kutazama ng'ombe.

Alirudi mwishoni mwa 1979. Mama mkubwa aliniambia kwamba miezi ya kwanza alikuwa anakaa barazani usiku hadi jogoo la kwanza. Nchi yenyewe ilikuwa katika ile miezi 18 ya kufunga mkanda, sabuni ni ya foleni, sukari ni ya foleni. Masika iliyofuata, mama mmoja wa jirani alishikwa na uchungu usiku, mtoto amekaa vibaya. Wanaume wakambeba kwenye kitanda cha kamba. Kitanda ni kipana, njia ni nyembamba, kwenye makorongo ikabidi wakiinamishe, na kila wakichoka wanakitua chini. Alifia njiani, hata Makanya hawajaiona. Baba mkubwa alikuwa mmoja wa wabebaji.

Wiki hiyo hiyo alikata miti miwili ya mkaratusi, akaimenya, akaikausha kivulini. Akashona magunia mawili ya katani pamoja kwa sindano ya gunia na kamba ya mkonge, akaacha upindo kila upande wa kupitishia mti. Upande wa kichwa akafunga ubao mdogo ili gunia lisimkunje mgonjwa shingo. Machela za namna ile alizibeba vitani. Hiyo ya kwanza ilidumu hadi nilipofika mimi. Nilimsaidia kushona ya tatu.

Machela peke yake isingetosha, na hapa ndipo wengi wa vijiji vya jirani waliotuiga walipokosea. Alipanga watu. Wanane kila safari, wanne wanabeba, wanne wanapumzika, na wanapokezana mgonjwa akiwa begani, hatuliwi chini hata mara moja. Warefu mbele wakati wa kushuka, wafupi nyuma. Tochi moja mbele, moja nyuma. Mama mkubwa anafunga makande kwenye kopo la mafuta ya kupikia, maana wabebaji watarudi asubuhi na mlima ni ule ule. Na kila tukivuka mfereji au korongo, tunasimama na kuhesabu: moja, mbili, tatu, hadi nane. Kama namba haijatimia, msafara hauendi.

Jambo hilo la kuhesabu liliwahi kuniudhi sana. Mgonjwa anakoroma, damu inamtoka, na sisi tunasimama kuhesabiana kama watoto wa shule? Nilimwambia hivyo nilipokuwa kijana wa miaka kumi na saba, kwa sauti kubwa kuliko adabu inavyoruhusu. Hakunijibu. Alihesabu upya kuanzia moja.

Nyumbani kwake hodi haikupigwa mara mbili. Viatu vililala mlangoni vimeelekea nje. Mtu akiita usiku, hata mlevi aliyepotea njia, yeye alikuwa ameshasimama kabla sisi hatujafumbua macho. Watu walimwita Afande ingawa cheo hakuwa nacho, na walimwita kwa kila kitu: mtoto amechelewa kurudi kutoka kisimani, ng'ombe ametumbukia, kaburi linachimbwa. Kwenye makaburi alikuwa mkali. Kuta zinyooke, kina kitimie, hata kama mvua inanyesha na watu wanataka kwenda. Alikuwa anasema kuzika haraka alishazika, inatosha.

Kazi yake nyingine ilikuwa ndiva. Kwa wasioijua, ndiva ni bwawa dogo la kwetu la kukusanya maji ya mfereji usiku, asubuhi linafunguliwa yanakwenda mashambani kwa zamu. Bila ndiva hakuna mahindi kule chini. Tope likijaa linatolewa kwa msaragambo, yaani kijiji kizima na majembe, machepe na makarai, na asiyekuja analipa faini. Miaka mingi baba mkubwa ndiye aliyekuwa katibu. Daftari lake alilipanga kwa nyumba, si kwa majina ya wanaume tu, ili wajane wasipoteze zamu. Nyumba yenye mgonjwa aliiandikia "yupo" na siku hiyo anachimba sehemu mbili, yake na ya hao. Wapo waliomlaumu kwamba anapendelea. Alikuwa anawaonyesha karai.

Mwaka 2006 ukame ulitubana, vuli ilikuwa imekataa kabisa. Maji yakawa ya kulindwa, maana watu walikuwa wanafungua ndiva usiku wa manane. Tukapangiana lindo. Ndipo nikagundua kitu ambacho miaka yote sikukiona: baba mkubwa, ambaye hakuogopa giza wala chui, hakuweza kukaa kimya kando ya maji usiku. Vyura wakianza kulia, anaanza kuongea. Anaongea juu ya bei ya tangawizi, juu ya wajukuu, juu ya chochote. Usiku wa tatu nikamuuliza, "Baba, vyura wamekufanya nini?"

Alinyamaza kitambo. Kisha akaniambia kilichokuwa baada ya Masaka.

Walikuwa Lukaya, mji mdogo kwenye barabara ya kwenda Kampala, penye vinamasi pembeni. Ilikuwa tarehe 10 Machi 1979. Jioni Walibya wakawashukia pamoja na askari wa Amin, kwa vifaru na makombora. "Tulikimbia," akasema. Hakutafuta neno lingine. Waliingia kinamasini, kila mtu na njia yake, maji kiunoni, matete usoni, na vyura wanalia kama hakuna kinachotokea. Nyuma yake alikuwepo mwenzake, kijana wa huku huku kwetu Same, walipanda lori moja la mkonge. Usiku kijana yule akawa anaita. Aliita jina la baba mkubwa, kisha akawa anaita tu. "Nilimsikia. Na wengine walimsikia. Nilijiambia ni mtego, adui anajifanya. Sauti ya mtu niliyekula naye tangu Novemba, nikajiambia ni mtego." Alfajiri walipojikusanya na kuhesabiana, namba ikapungua moja. Walimkuta karibu sana, si mbali hata kama kutoka ndiva hadi kwenye ule mti. Paja limevunjika. Walimbeba kwa machela wanne, hawakuwa na wa kuwapokea, wakawa wanamtua. Siku ya tatu akafa.

Sikusema kitu, na yeye hakutaka niseme.

Baadaye sana nilisoma habari za vita ile. Brigedi ya 201 iliyokuwa Lukaya ilijaa mgambo ambao hawakuwa wameona mapigano makubwa, na ndiyo iliyovunjika jioni ile. Usiku Brigedi ya 208 ikazungushwa, na asubuhi ya tarehe 11 ikawapiga Walibya kutokea ubavuni huku ile ya 201 ikijipanga na kushambulia kutoka mbele. Mwezi mmoja baadaye, 11 Aprili, Kampala ikaanguka. Kwa hiyo wale waliokimbia ndio hao hao waliogeuka kesho yake na kurudi. Nilimpelekea habari hiyo nikiwa na furaha, nikidhani nimempelekea dawa. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza kama imeandikwa walikufa wangapi na kina nani.

Mwaka 2012 nilipata nafasi ya kumpeleka Kaboya, kule Muleba, kwenye makaburi ya mashujaa wetu. Alivaa koti lake la kanisani. Alikwenda kaburi kwa kaburi, taratibu, midomo inacheza. Jina alilolifuata sijui kama alilipata au hakulipata, maana hakusimama popote zaidi ya pengine. Alikwenda hadi la mwisho. Tulipotoka jua lilikuwa limeshainama.

Kuhusu mafao ambayo wengi mmeyataja: alifuatilia, ndiyo. Cheti chake kililiwa na mchwa kwenye sanduku, na ofisi moja ikamtaka alete hicho hicho cheti ndipo ishughulikie. Alikwenda mara tano. Mara ya sita mama mkubwa alimpa nauli akaenda mjini, akarudi na mifuko miwili ya saruji ya kuzibia ufa wa ndiva. Iliniuma, na inaniuma hadi leo, kwa sababu mtu yule hakustahili kuombwa karatasi.

Siku hizi kuna barabara ya gari hadi karibu na shule, na bodaboda wanafika kila mahali. Machela ilianza kukaa wiki, kisha miezi, bila kuguswa. Aliifurahia barabara kuliko yeyote. Lakini magunia aliendelea kuyaanika kila baada ya mvua, na miti kuipaka oili chafu isiliwe.

Mwaka 2019, wakati wa masika, kifua kilimbana usiku. Mvua ilikuwa imekata barabara na bodaboda hawakuweza kupanda. Tulikuwa wanane, mimi nikiwa mbele kulia, wengine ni vijana ambao nusu yao walibebwa na machela ile ile wakiwa bado matumboni mwa mama zao. Hakuwa na nguvu ya kuongea, akawa anaitikia kwa mkono tu. Tulivuka mfereji wa kwanza, tukahesabu, tukatimia. Wa pili vile vile. Kwenye korongo la chini, mvua imezidi, mmoja wetu mwenye hofu akasema tusisimame, twende tu, mzee anaisha. Tukaenda.

Hatua kama ishirini hivi nikaona mkono wake umeshika mti wa machela upande wangu.

"Mko wangapi?"

Nikageuka na tochi. Tulikuwa saba. Kijana wa nyuma kabisa alikuwa ameteleza kwenye mawe, kiatu kimebaki matopeni, anapapasa gizani. Nikamwambia, "Baba, anakuja, yupo hapo tu, sisi tutangulie."

Hakuachia mti. Tukasimama pale kwenye mvua, begani tumembeba, hatukumtua, hadi yule kijana akafika akishika kiatu mkononi, akasema, "Nane."

Ndipo akaachia mkono, tukaendelea kushuka.