Kew mwezi wa pili: anza na nyumba za vioo

Mkuu, umeuliza kama mtu wa Mwanza afike bustani ya Kew, London, mwezi wa pili akiwa na nusu siku tu. Nenda! Ni majira ya baridi huko, lakini nyumba za vioo, zinazotunza mimea ya nchi za joto, zina joto mwaka mzima. Panda treni ya chini ya ardhi ya njia ya District, iliyoandikwa Richmond (si Wimbledon wala Ealing Broadway), ushuke Kew Gardens, uingilie lango la Victoria Gate.

Anza na Palm House, nyumba ya vioo ya michikichi na mimea ya joto, iliyokamilika 1848. Mle ndani ni fukuto kama la Mwanza mvua inapokaribia, na hapo ndipo wengi huharibu picha: kamera iliyopoa nje ikikutana na hewa ya unyevu, lenzi inashika ukungu papo hapo. Kuifuta hakusaidii, ukungu unarudi. Iache kwenye begi lililofungwa dakika 15, ipate joto taratibu. Huku ukisubiri, mtafute mzee wa humo, mmea uitwao Encephalartos altensteinii, aliyeletwa kutoka Afrika Kusini 1775. Shina limelala, limeegemezwa kwa nguzo, na bado anaishi kwenye chombo, si ardhini.

Kisha nyumba ya vioo ya Princess of Wales Conservatory: kanda 10 za hali ya hewa, kuanzia jangwa. Koti vua mapema.

Yale mayungiyungi yaitwayo Victoria (jina la mmea, si la ziwa), majani mapana kupita meta 2, ukingo umesimama kama sinia na miiba chini, usiyategemee. Hupandwa upya kwa mbegu kila mwaka. Ukubwa huo ni wa kiangazi chao, na Waterlily House, nyumba yao ya vioo, hufungwa wakati wa baridi.

Nje tembea mwisho, kwani nyumba za vioo hufungwa kabla ya bustani.