Mwacheni Paka Atoke Uvunguni kwa Miguu Yake

Wiki iliyopita msomaji mmoja aliniandikia kwamba paka aliyemchukua amekaa siku 9 uvunguni mwa kitanda, hatoki isipokuwa usiku wa manane, na kwamba jamaa zake wameanza kusema kuwa mnyama huyo hana shukrani. Neno hilo la shukrani lilinichoma, kwa sababu niliambiwa vivyo hivyo miaka 4 iliyopita nilipomleta Shani nyumbani, na kosa nililolifanya wakati ule linaniuma hadi leo.

Shani alikuwa jike la miaka kama 3, aliyekwisha kupita mikononi mwa watu wawili kabla yangu. Nilifungua kikapu chake sebuleni, mbele ya mume wangu, watoto wetu wawili na televisheni iliyokuwa ikivuma. Alitoka huku tumbo likiburura sakafuni, masikio ameyalaza, mboni zimetanuka hata rangi ya macho ikabaki uzi mwembamba tu, akapotelea uvunguni. Siku ya 3 subira iliniishia. Nililala kifudifudi, nikanyoosha mkono, nikamkamata ngozi ya shingo na kumvuta hadi mwangani, nikiamini kwamba akiona hatumdhuru atazoea. Alinichana kutoka kifundo cha mkono hadi kiwiko, akajikojolea, na kutwa nzima iliyofuata hakugusa chakula. Makovu yamefifia, lakini mlio alioutoa siku ile sijausahau.

Nilichokuwa sijakielewa ni kwamba paka, pamoja na uwindaji wake wote, ni mnyama mdogo ambaye naye huwindwa, na kwa hiyo mahali pa kujificha kwake ni kinga. Mwaka 2014 watafiti wa Uholanzi walichapisha matokeo ya kulinganisha paka wapya katika makazi ya wanyama: waliopewa masanduku ya kujifichia walitulia mapema kuliko walionyimwa. Mimi nilikuwa nimemnyang'anya Shani dawa yake kwa mikono yangu mwenyewe, kisha nikashangaa kwa nini haponi.

Tukaanza upya. Tulimpa chumba kimoja kisicho na pitapita, tukamwekea sanduku la kadibodi lenye matundu mawili ili asijione amenaswa, chakula pembe moja na mchanga wa haja pembe nyingine, kwa maana paka hapendi kula karibu na choo. Mashati tuliyokwisha kuyavaa tuliyaacha sakafuni karibu naye, apate kuzoea harufu zetu kabla ya kuzoea nyuso zetu. Kila jioni niliketi humo nusu saa, nimempa ubavu, nikisoma kwa sauti ya chini. Wiki nyingi zilipita hivyo, wala hakuna la kusimulia.

Jambo moja nililolifanya nawasihi wote mlijaribu. Paka akikutazama, usimkodolee macho, kwani kwake huo ni ugomvi. Fumba macho taratibu, yafumbue taratibu, kisha tazama pembeni. Watafiti wa Uingereza walithibitisha mwaka 2020 kwamba paka hujibu ishara hiyo kwa kufumba macho vivyo hivyo, na kwamba humkaribia kwa urahisi zaidi mgeni anayeifanya. Shani alinijibu jioni moja kutoka ndani ya sanduku lake. Siku chache baadaye alitoka, akanyoosha shingo, pua yake baridi ikagusa ncha ya kidole changu, sharubu zikitetemeka, kisha akanisugulia shavu lake lote. Paka akikusugulia shavu anakupaka harufu yake, anakutia katika hesabu ya vitu vilivyo salama. Nililia, nami sioni aibu kulisema.

Leo analala miguuni pa binti yangu, yule yule ambaye wifi yangu alisema paka wa namna hii angemjeruhi, akashauri tumtupe. Nalitamka hili kwa fahari, na bado kwa uchungu kidogo. Ninyi mnaomwita paka mwoga kuwa mkaidi, jiulizeni ni mara ngapi mmemnyanyua bila ridhaa yake, mmemfuata alipoondoka, mmemwachia mtoto amvute mkia kwa sababu eti wanacheza. Mfundisheni mtoto kutoa kidole kimoja na kungoja. Mgeni naye aambiwe amwache. Paka anayejua kwamba anaweza kuondoka wakati wowote ndiye anayekubali kukaa.

Subira hiyo, hata hivyo, isigeuke uzembe. Paka asipokula kwa zaidi ya siku moja apelekwe kwa daktari wa mifugo, kwa kuwa njaa ya siku chache yaweza kulijaza ini lake mafuta na kumuua. Dume anayechuchumaa mchangani mara kwa mara bila mkojo kutoka apelekwe saa ile ile. Huenda njia ya mkojo imeziba, na hofu ya muda mrefu ni miongoni mwa mambo yanayochangia.

Kwako msomaji uliyeniandikia: kwa kuwa umesema anakula vizuri usiku, siku 9 si nyingi. Leo jioni sogeza sahani yake shibiri moja tu kutoka uvunguni, uketi mbali, mgongo ukutani, na usimwite.