Wapiga muziki wa siku ya kumvisha pete: tafuta anayejua kunyamaza

Mkuu umeuliza kwamba unataka kumvisha mchumba wako pete na muziki uwe laivu, umebaki njia panda kati ya mpuliza saksafoni, wapiga vayolini wawili au bendi nzima. Nimeona nisipite kimya kwasababu nimepitia humo mara mbili, ya kwanza nikimsaidia rafiki yangu na ya pili mwenyewe ndo napiga goti. Ninachokuambia ni kwamba usianze kuchagua chombo, anza kuchagua mtu anayejua kunyamaza.

Ngoja nieleze. Rafiki yangu alichukua saksafoni, na jamaa aliyekuja anapuliza hasa, mkono wake sina neno nao. Ilikuwa jioni bustanini, sisi tumejibanza nyuma ya miti, kazi yangu mimi ni kurekodi kwa simu. Mchumba akatokea, muziki ukaanza, yaani mwili ulisisimka. Rafiki yangu akapiga goti, na mpulizaji kwa moyo mzuri kabisa akaona hapa ndo pa kupandisha, akasogea hatua mbili mbele akapaa na kiitikio juu kwa nguvu zote. Nilikuwa kama mita nne hivi, namuona rafiki yangu midomo inacheza na sisikii hata neno moja. Dada akatikisa kichwa kukubali, pete ikaingia, makofi, machozi, kila kitu. Wiki iliyofuata dada akamuuliza kwa upole, "siku ile uliniambia nini pale chini?" Maneno aliyoyaandaa miezi, ameyaandika akayafuta akayaandika tena, hayakumfikia mwenyewe, na kwenye video yangu nzima kuna saksafoni tu. Ile kitu iliniuma mpaka leo.

Na sio kosa la chombo. Saksafoni ilibuniwa na Adolphe Sax, Mbelgiji, akaisajili Ufaransa mwaka 1846, na moja ya sehemu ilizoshika haraka ni bendi za kijeshi, bendi za kupiga nje kwenye uwanja. Kwahiyo ni chombo chenye kifua. Kwa desibeli, yaani kipimo cha ukubwa wa sauti, watu wawili wakiongea kawaida ni kama 60, saksafoni ikipulizwa kwa nguvu karibu yako inapita 90. Sasa mtu anayeongea huku sauti inatetemeka atashindana vipi na hapo? Ukiipenda chukua, ila mpange asimame mbali. Sehemu ya wazi isiyo na kuta kila umbali ukizidishwa mara mbili sauti inashuka kama desibeli 6, yaani ukimtoa mita 2 ukampeleka mita 8 umepunguza 12, hapo inaanza kuwa muziki wa nyuma yenu badala ya kuwa muziki wa juu ya vichwa vyenu. Au apulize wakati mchumba anakuja, akate kabisa, arudi baada ya "ndiyo".

Vayolini ina upole zaidi, na kuna kidude kidogo cha mpira kinabanwa pale kwenye daraja linalobeba nyuzi, sauti inakuwa kama imefunikwa shuka. Muulize kama anacho. Ila hawa watu wa nyuzi wana mambo yao na wana haki, mbao zao hazitaki jua kali wala manyunyu, wengi hawatoi chombo bila kivuli. Ukienda mpaka wale wanne, yaani vayolini mbili, viola (kama vayolini ila kubwa kidogo) na selo (lile kubwa linalosimamishwa chini), jua kwamba wa selo anapiga amekaa, anataka kiti kisicho na mikono na chini pawe tambarare, na karatasi za muziki zinataka vibanio maana upepo hauna adabu. Ukumbini ni wazuri mno. Ufukweni kwenye upepo mimi singewasumbua.

Mimi nilichukua gitaa moja na muimbaji mmoja, bila spika. Nilivyowapata ndo sehemu nataka uisome taratibu. Kuna mmoja nilimpenda sana kwa video, nikampigia nikamuuliza swali moja, "nikianza kuongea katikati ya beti utafanya nini?" Akanijibu nisiwe na wasiwasi, atamalizia beti halafu ataniachia nafasi. Nikamshukuru nikaachana naye, sio mbaya, ila kwake wimbo ndo shughuli na mimi ni mgeni ndani ya wimbo wake. Nikaja kumpata dada mpiga gitaa, nimemuuliza lile lile, yeye badala ya kujibu akaniuliza, "mwenzio atakuwa amesimama wapi, na huwa unaongea sauti ya juu au ya chini?" Hapo hapo nilijua nimepata mtu.

Halafu usiamini video iliyopitia studio. Omba akurekodie dakika moja kwa simu, amekaa chumbani, hakuna mwangwi wa kupambwa wala nini. Sauti ya kweli utaisikia. Na uliza waziwazi kama huyo unayemsikia ndo atakayekuja, maana wapo wanaopokea kazi halafu siku yenyewe anatokea mwingine.

Mazoezi usiyaruke hata wakikuambia wimbo wanaujua. Sisi tulifanya mara moja tu, siku mbili kabla, pale pale mahali penyewe na saa ile ile. Nilimuomba ndugu yangu asimame kwenye nafasi ya mchumba, mimi nikapiga goti nikaongea kwa sauti yangu ya kawaida huku gitaa linapigwa, ndugu yangu akawa anainua mkono kila asiponisikia. Aliinua mara tatu. Yule dada hakubishana, akarudi nyuma hatua tano, akaacha kucharaza akaanza kudonoa nyuzi moja moja kwa vidole, mkono haukuinuka tena. Gitaa lake lilikuwa la nyuzi za nailoni, nalo lilisaidia, za chuma zina ukali fulani unaoingia ndani ya maneno. Tukakubaliana na ishara, nikivua saa ya mkononi muimbaji anaacha maneno anabaki anaguna ule wimbo mdomo umefumba, nikipeleka mkono mfuko wa koti gitaa linazima.

Wimbo: wenu nyie, usichukue unaovuma sasa hivi. Sikiliza maneno mpaka mwisho kabisa, maana kuna nyimbo zina kiitikio kitamu cha mapenzi kumbe beti la pili mtu anaagana na mwenzie. Nyimbo nyingi ni dakika tatu nne, wewe kabla ya kuongea unahitaji kama moja tu, mtu akisimama zaidi ya hapo hajui aangalie wapi. Waambie wawe na sehemu fupi ya kuzunguka zunguka hata mara ishirini bila kuchoka, ili wasikukimbize wala wasikusubirishe.

Kuhusu makubaliano, yaandike hata kwenye meseji, ila yaandikwe: tarehe, mahali, saa ya kufika, wimbo, kianzio ni kiasi gani na kinachobaki kinalipwa lini, mvua ikinyesha tunahamia wapi, akiumwa nani anakuja badala yake. Na weka muda wa kusubiri ndani ya malipo. Hili watu wanalisahau. Mwenzangu alichelewa dakika arobaini na hakuwa na habari kama kuna watu wamejificha wanamsubiri, na ningekuwa nimewalipa kwa nusu saa ya kupiga tu wangekuwa na haki yao ya kuondoka. Dada yule alikaa kivulini gitaa liko ndani ya mfuko wake, kila baada ya muda analitoa anakaza nyuzi analirudisha, hakulalamika. Ruhusa ya eneo pia fuatilia mapema na umtaje mpiga muziki, mlinzi anaweza kuwaruhusu nyie wawili akamzuia mwenye chombo.

Siku yenyewe nilivua saa, muimbaji akashusha sauti. Nikapeleka mkono mfukoni, nikamuona kwa pembeni yule dada analaza kiganja juu ya nyuzi, taratibu, kama mtu anayemtuliza mtoto. Kukawa kimya. Nikaongea, mwenzangu akasikia kila neno, akanijibu kwa sauti ndogo sana ambayo gitaa lingekuwa linalia nisingeisikia. Baada ya hapo ndo wakaendelea.

Kwahiyo kwa swali lako, bendi nzima mimi ningeiweka baada ya jibu, kwenye kusherehekea, wapige mpaka wachoke. Kabla ya jibu mtu mmoja au wawili wanatosha, na hata hao ni kama mchumba wako hana shida ya kuangaliwa na watu. Kama ni mtu wa aibu, mpiga muziki akae asipoonekana, nyuma ya ukuta au mlango, sauti tu ndo ifike. Ukishajua mahali rudi hapa utuambie pakoje, pa wazi au ndani, nitakusaidia kupanga nani asimame wapi.