Kushusha giaboksi ya Hilux bila shimo

Ndugu yangu, umeuliza kama giaboksi ya Hilux 4x4 inaweza kushushwa hapa Bukavu kwenye garaji isiyo na shimo la kuingia chini ya gari, ubadilishe klachi. Inawezekana, mradi gari lisimame mahali tambarare, juu ya stendi nne imara. Jeki peke yake usiiamini hata kidogo.

Toa kwanza waya hasi wa betri, kisha leva ya gia kutokea ndani. Flenji za kardani zote mbili (shafti zinazopeleka nguvu kwenye magurudumu) zitie alama ya rangi. Ukizirudisha zimegeuka, gari litatetemeka likikimbia. Silinda ya chini ya klachi (ile iliyofungwa kwenye giaboksi) fungua bolti zake tu, uifunge pembeni kwa waya bila kugusa paipu. Mtu asikanyage pedali, pistoni itachomoka. Stata, kebo ya spidi na soketi ya taa za rivasi ni kazi ndogo.

Kabla ya kutoa krosimemba (chuma cha chini kinachobeba giaboksi), tegemeza injini kwa jeki na ubao chini ya sampu, yaani bakuli la oili. Italala nyuma kidogo, na hapo bolti za juu zinafikika kwa ekstensheni ndefu. Chunga feni isiguse kava ya rejeta.

Kinachoua klachi mpya nyingi ni uzito. Giaboksi ikiwa na transfa kesi (sanduku linalogawa nguvu mbele na nyuma) si mzigo wa mtu mmoja. Ikining'inia kwenye shafti iliyo bado ndani ya diski, kitovu cha diski hupinda, halafu lawama zinamwendea muuza vipuri. Ibebwe na jeki, ivutwe nyuma moja kwa moja mpaka shafti itoke yote. Kurudisha ni vivyo hivyo: ikibaki nafasi ya kidole, usiivute kwa bolti. Mwenzako azungushe puli ya kranki taratibu kwa spana mpaka meno ya shafti na ya diski yakutane.

Diski, presha pleti (sahani inayoibana diski) na beringi vibadilishwe pamoja. Flaiwili (gurudumu zito la injini ambalo diski hubanwa juu yake) yenye nyufa au madoa ya buluu ipelekwe kwa fundi wa kukereza. Ukikuta oili humo, tafuta sili inayovuja kabla ya kufunga chochote: nyeusi ni ya injini, yenye harufu kali ya kiberiti ni ya giaboksi. Upande wa diski uliotokeza springi uelekee giaboksi. Presha pleti kaza kwa msalaba, kidogo kidogo. Toyota nyingi ni nyutoni-mita 19. Grisi kwenye meno ya shafti iwe utando tu, maana ikirukia diski klachi itatetemeka.

Mwisho pima pedali: ishuke milimita 5 hadi 15 kabla ya kuanza kuwa nzito. Nafasi hiyo isipokuwepo kabisa, beringi itasugua muda wote na klachi itateleza ukipandisha mlima wa Kadutu na mzigo.